Nazi Hutikiswa, Mazabodi Je?

Mtu akiingia Soko la Darajani kununua nazi hachukui tu akaondoka. Huishika, huipima uzito mkononi, huitikisa sikioni asikie maji yake, na akiwa na wasiwasi huigonga kwa nazi ya pili. Samaki humfunua mashavu aone wekundu wake. Embe huinusa kwenye kikonyo. Soko lile lilijengwa mwaka 1904, na kwa muda wote huo watu wa Unguja wamefunzana kununua kwa macho, kwa pua na kwa masikio. Lakini mtu huyo huyo akivuka barabara, akaingia katika maduka ya vyombo vya umeme kununua kompyuta, utamwona anatazama rangi ya boksi na kuuliza bei.

Msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitu kilichomo ndani ya boksi hilo, kitu ambacho mnunuzi hakioni na muuzaji mara nyingi hakitaji. Kila kompyuta ina ubao mpana ambao prosesa, memori, diski na nyaya zote hukaa juu yake. Wataalamu wa lugha huuita ubao mama. Mafundi wetu wa Darajani na Mlandege husema mazabodi, nami nitafuata usemi wao. Memori ikifa, fundi huitoa akatia nyingine kwa dakika mbili. Mazabodi ikifa, kompyuta nzima imekufa, na aghalabu hata prosesa iliyo nzima haitaingia katika mazabodi mpya.

Sababu ya kulileta jambo hili ni kamati moja ya wazee wa skuli, kusini mwa kisiwa chetu. Wamechanga fedha kwa muda mrefu, na wengi wa waliochanga ni kina mama wakulima wa mwani. Wameamua wasinunue kompyuta zilizokwisha kuundwa, bali wanunue vipande na kuziunda wenyewe kwa msaada wa mafundi, kompyuta 40 kwa mpigo. Wakaniuliza: mazabodi ya kampuni gani ni madhubuti? Nimelichukua swali lao, lakini sitalijibu kwa kutaja kampuni. Nitalijibu kwa historia, kwa sababu historia ya jambo hili ina mafunzo mengi kuliko tangazo lolote la dukani.

Tuanze hapa nchini. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Baadaye ikaja nyingine kubwa zaidi ya kampuni ya ICL ya Uingereza, na kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali katika mtambo huo haikwenda vizuri. Fedha za kigeni zilitoka, wataalamu wa kigeni walilipwa, na hesabu zikavurugika. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vyombo vyake. Masharti yale yalilegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, na mlango haukuwa wazi kabisa mpaka miaka ya 1990. Nchi nzima ilikaa nyuma miaka mingi kwa sababu ya ununuzi mmoja mkubwa uliofanywa bila ya watu wa kuumudu mtambo wenyewe.

Zanzibar kwa upande wake imezoea kutangulia katika vyombo. Mwaka 1973 tulikuwa na televisheni ya rangi, ya kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara, wakati ambapo Bara hawakuwa na televisheni hata ya nyeusi na nyeupe. Kuanzia mwaka 1984, wakati Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar, milango ya biashara ilifunguliwa, na bidhaa za Dubai zikajaa Darajani. Watu walivuka bahari kutoka Dar es Salaam kuja kununua redio na televisheni kwetu. Tumekuwa hodari wa kuleta vyombo. Uhodari wa kuvitunza mpaka mwaka wa tano ni suala jingine.

Sasa tutoke nje kidogo, tutazame mazabodi zenyewe zilikotoka. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ndogo ya mezani ambayo kampuni nyingine ziliweza kuiga. Kazi ya kutengeneza mbao zake ikahamia kwa wingi Taiwan, ambako kampuni kama Gigabyte na MSI zilianzishwa mwaka 1986 na ASUS mwaka 1989. Mwaka 1995 Intel ikatoa vipimo viitwavyo ATX, yaani mahali pa misumari, umbo la ubao na namna ya kuunganisha umeme. Tangu hapo ikawa rahisi zaidi mazabodi ya kampuni moja kuingia katika boksi la kampuni nyingine. Vipimo hivyo ndivyo vinavyomwezesha fundi wa Darajani leo kuunda kompyuta kwa vipande vilivyotoka nchi tano. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Ila muundaji naye hutegemea ubora wa mbao alizopewa.

Na hapa ndipo pana kisa ninachotaka kila kamati ya skuli ikijue. Juu ya mazabodi pana vikopo vidogo vya duara, kama vipande vya betri ya tochi. Huitwa kapasita, na kazi yao ni kuutuliza umeme kabla haujafika kwenye prosesa. Ndani ya zile za zamani mna maji ya dawa. Baina ya mwaka 1999 na 2007 hivi, kapasita mbovu ziliingia katika mamilioni ya mazabodi duniani. Dawa iliyokuwamo haikuwa na mchanganyiko kamili. Ilitoa gesi, kikopo kikavimba kichwa, kikapasuka, na maji ya kahawia yakachuruzika juu ya ubao. Kompyuta ilianza kwa kujizima yenyewe, kisha ikagoma kuwaka. Magazeti ya wataalamu yaliandika mwaka 2003 kwamba chanzo ni fomula iliyochukuliwa Japani ikafika Taiwan ikiwa nusu. Kampuni ya ABIT, iliyokuwa na sifa kubwa kwa mafundi, ilikiri hadharani kwamba mazabodi zake zilikuwamo. Mwisho wa mwaka 2008 ikaacha kabisa biashara ya mazabodi.

Msikilizaji asije akadhani kwamba waliopatwa ni wanunuzi wa vitu rahisi tu. Kampuni ya Dell ya Marekani iliuza kompyuta za OptiPlex, ambazo za mitumba zinajulikana na kila fundi wa hapa, na baadhi ya zile za miaka ya 2003 hadi 2005 zilikuwa na kapasita mbovu za kampuni ya Nichicon ya Japani, kampuni yenye jina na heshima. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya matengenezo. Habari nyingine zilijulikana mwaka 2010, pale karatasi za kesi moja mahakamani zilipowekwa wazi: kompyuta zilizouzwa katika kipindi hicho na kuwamo katika hatari hiyo zilifika milioni 11.8.

Katika habari hizo mna jambo moja la kuchekesha na kusikitisha. Idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas iliona kompyuta zake za Dell zinakufa moja baada ya moja. Kampuni ikazichunguza, kisha ikatoa jibu kwamba zimechoshwa, kwa kuwa walimu wa hisabati wamezipa mahesabu magumu mno. Ikiwa maprofesa wa Texas waliambiwa hivyo, mwalimu mkuu wa skuli ya shamba ataambiwa nini? Ataambiwa watoto wamezichezea.

Lakini tazameni pia kwa nini idara ile iliweza kulalamika. Ilikuwa na kompyuta nyingi za namna moja mahali pamoja, na ikaona zinakufa kwa namna moja. Mwenye kompyuta moja ikifa hulaumu bahati yake. Mwenye 40 ana ushahidi, ilimradi ameandika. Mwenye nyingi hupata faida na khatari kwa pamoja: zikiwa za aina moja, vipande vyake huazimana na fundi akijifunza moja amezijua zote, lakini zikiwa na ila, zote zina ila hiyo hiyo, na zitakufa karibu muhula mmoja.

Tuongeze sasa mambo mawili ya kwetu, joto na umeme. Kanuni ya mafundi wa elektroniki ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, umri wa kapasita ya maji hupungua kwa nusu. Chumba cha skuli chenye bati juu, madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi, wanafunzi 40 ndani na kompyuta 40 zinazopumua hewa ya moto, si chumba cha Taipei chenye kiyoyozi. Na sisi tuko kisiwani, upepo wa chumvi unaingia kila tundu.

Ama umeme, kila mtu mzima wa Unguja ana kumbukumbu zake. Waya wa chini ya bahari uliotuletea umeme kutoka Bara tangu mwaka 1980 ulituacha gizani tarehe 21 Mei 2008 mpaka kati ya Juni. Ukatuacha tena tarehe 10 Disemba 2009, na safari hiyo tulikaa mpaka Machi 2010. Miezi mitatu mji mzima uliishi kwa jenereta na vibatari. Wengine walisoma taarifa za habari kwa umeme wa jenereta inayokohoa, na vyombo vingi majumbani viliungua, si kwa giza, bali kwa umeme unaopanda na kushuka. Mwaka 2013 tulipata waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, kwa msaada wa Marekani kupitia shirika la MCC, na hali ikawa bora sana. Hata hivyo laini ndefu za mashamba bado hupata umeme mdogo jioni, na umeme uliokatika hurudi kwa kishindo. Mazabodi ndiyo inayopokea kishindo hicho baada ya pawasaplai. Pawasaplai ya rahisi huupitisha kama ulivyo.

Nilipata kufika katika skuli moja, jina lake nalihifadhi, yenye chumba kilichoandikwa mlangoni "Maabara ya Kompyuta". Mlikuwa na kompyuta 20 zilizotolewa na wafadhili. Zilizokuwa zikiwaka ni 6. Nyingine 14 zilifunikwa vitambaa vilivyofumwa vizuri, na juu ya moja palikuwa na jagi la maji ya walimu. Nilimwomba fundi niliyefuatana naye azifungue. Tisa kati ya hizo zilikuwa na vikopo vilivyovimba mahali pale pale, kando ya prosesa. Hapakuwa na daftari lolote la kuonesha ya kwanza ilikufa lini, wala hapakuwa na mazabodi hata moja ya akiba. Walimu waliamini kwamba watoto wameziharibu, na kwa sababu hiyo wanafunzi wa madarasa ya chini walikwisha kupigwa marufuku kuingia. Hilo ndilo lililoniuma. Watoto wamehukumiwa kwa kosa la kikopo.

Kwa hiyo nilipokaa na kamati ile ya kusini niliwasimulia kisa hicho. Bibi mmoja, mkulima wa mwani, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, sisi hatuzijui hizo kompyuta, tunajua mwani. Kamba ikiwa mbovu, mwani unaota vizuri na unapendeza, halafu siku ya bahari kuchafuka unachukuliwa wote. Na kamba yenyewe huioni, imefunikwa na mwani." Nilimwambia, "Bimkubwa, umekwisha kuijua mazabodi."

Basi, kwa kuitazama historia hiyo, niliyowashauri ni haya, na yeyote mwenye kununua nyingi kwa ajili ya skuli anaweza kuyachukua.

Kwanza, wazitazame kapasita kabla ya kulipa. Zile za maji huwa na alama ya msalaba au mkato juu ya kichwa, ili zipasukie hapo. Tangu miaka ya 2006 na 2007 zilienea kapasita kavu, ambazo kichwa chake ni bapa bila mkato na zinastahamili joto zaidi. Siku hizi mazabodi nyingi zina kavu tupu, lakini mazabodi za zamani zilizosafishwa na kutiwa katika boksi jipya bado zinauzwa. Hii ndiyo nazi inayoweza kutikiswa: fungua boksi, tazama.

Pili, wasinunue 40 siku ya kwanza. Wanunue 3, waziunde, waziweke katika chumba kile kile cha skuli, si katika duka lenye kiyoyozi, na waziwashe mchana kutwa kwa wiki mbili, madirisha yakiwa yamefungwa kama yatakavyokuwa. Chombo chenye ila ya kiwandani mara nyingi huonesha ila yake mapema. Zikisimama, wanunue nusu ya zilizobaki, na nusu nyingine baada ya muhula mmoja.

Tatu, wanapozirudia, wasome namba ya toleo iliyochapwa juu ya ubao wenyewe. Jina la boksi linaweza kuwa lile lile na ubao ukawa umebadilishwa, kapasita nyingine, chipu nyingine. Namba ikitofautiana, hiyo si mazabodi waliyoijaribu.

Nne, wanunue za akiba siku hiyo hiyo. Hapa historia ni shahidi. Kwa kompyuta za watu wa kawaida, Intel ilibadilisha kikalio cha prosesa mwaka 2004, 2009, 2011, 2013, 2015, 2020 na 2021. Kila kikalio kipya kilimaanisha mazabodi za zamani zinatoweka madukani baada ya muda si mrefu. Intel yenyewe ilikuwa ikitengeneza mazabodi, na mafundi wengi wakiziamini. Mwaka 2013 ilitangaza kwamba inaacha kuzitengeneza kwa kompyuta za mezani. Wenzao wa AMD walikaa na kikalio kimoja kilichotoka mwaka 2016 kwa miaka mingi, na hilo ni jambo la kulitia katika hesabu. Mimi nilisema katika kila kumi, moja iwe ya akiba.

Na hapo ndipo kikao kilipopata moto. Fedha zilikuwa za kompyuta 40 kamili, na kununua akiba, pawasaplai nzuri na kifaa cha kutuliza umeme cha chumba kizima ni kupunguza idadi. Hesabu ilitoka 34. Mzee mmoja alisema kwamba darasa lina watoto 40 na mgeni rasmi ameahidiwa 40. Hoja yake si ya kupuuzwa. Mtoto aliyekosa kiti siku ya kwanza hatafarijika kwa kuambiwa juu ya kapasita. Lakini 40 za siku ya ufunguzi zikiwa 12 mwaka wa tatu, waliokosa ni wengi zaidi, na hapo mgeni rasmi hayupo.

Kuna watakaouliza kwa nini kila skuli ihangaike peke yake. Swali zuri. Kenya wana shirika liitwalo Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002, ambalo hupokea kompyuta kwa wingi, huzipima na kuzitengeneza katika karakana moja kabla ya kuzipeleka maskulini, hufundisha walimu kuzitunza, na zikifa huzirudisha kuzichambua ili taka zake zisitupwe ovyo. Kwetu, skuli tano za wilaya moja zikinunua mazabodi ya aina moja na kuweka akiba mahali pamoja, zitakuwa na nguvu mbele ya muuzaji ambayo skuli moja haina.

La mwisho ni daftari. Shilingi elfu mbili, dukani. Liandikwe namba ya kila mazabodi, tarehe ya kuwashwa, tarehe ya kuharibika na ilivyoharibika. Mwaka 1974 nchi ilifunga mlango kwa sababu haikuwa na watu wa kutosha wa kusema mtambo una ila gani. Wanahisabati wa Texas walijua kwamba si wao waliokosea kwa sababu waliziona zote pamoja. Mwalimu mwenye daftari hatawasingizia wanafunzi wake.

Kamati haijanunua bado. Inakutana tena Jumamosi, na wajumbe wawili watakwenda Darajani na Mlandege wakiwa na swali moja kwa kila muuzaji: mazabodi hii ikifa mwaka wa tatu, utanipa nini, na utaniandikia? Nimeambiwa kwamba yule bimkubwa wa mwani ni mmoja wa wajumbe hao. Wenye maduka nawatakia subira.

Mpaka wiki ijayo, kwa saa hizi hizi, nakuageni.